Zamu ya Ukungu

Walimleta saa saba usiku, nyuma ya Landikruza,
miguu ina tope la jabali, nguo inanuka ng'ombe na mvua.
Bakhit bin Mahad, miaka kumi na tisa.
Nikamuuliza, umekula nini?
Akacheka. "Mlima ndio ulionila mimi."

Mboni zake pana, visima visivyo na vifuniko.
Moyo mia na thelathini kwa dakika,
vidole vimeng'ang'ania shuka
kana kwamba kitanda kinateremka bondeni.
"Zima ukuta," akaniambia, "unasema mno."
Nikapunguza taa.
Ukuta ukanyamaza. Akanishukuru.

Hapa Salala, miezi mitatu wingu huja kukaa chini.
Watu hutoka Maskati, Dubai, Kuweiti, na majiko na mazulia,
waje walowe tu. Ndiyo, wanalipia hoteli ili walowe.
Na jabali lililokuwa rangi ya mkate mkavu
huamka kijani, likakohoa maji.
Ng'ombe hupanda, hula, huacha wanachoacha,
na juu ya wanachoacha, alfajiri,
huchomoza vikofia vya rangi ya chai ya maziwa,
vyembamba, vyenye adabu, visivyomsalimia mtu.

Umri wake siku tatu.
Hakuumbwa uyoga ule kumlevya mtoto wa Mahad.
Kazi yake iko chini, gizani, uzi kwa uzi:
kuitafuna samadi mpaka iwe udongo,
udongo uwe nyasi, nyasi ziwe ndama.
Sisi ndio tuliodokoa chungu cha wenyewe.

Akaja shangazi yake, Tuful, na birika la maziwa kwapani.
Kiarabu chake kina mawe ya Kijabali,
changu kina tui la Unguja;
tukakutana katikati, kwa ishara.
"Mbuzi wangu aliula mwaka juzi," akasema.
"Akasimama kutwa anatazama jiwe.
Jioni akarudi kwenye majani, hakumwambia mtu.
Binadamu ndiye hawezi kuona kitu akakaa nacho."

Bakhit hakukaa nacho.
Alimwona ng'ombe mwekundu waliyemuuza apate karo,
amesimama kwenye ukungu anaita majina ya kundi zima,
na jina lake yeye limo.
Alisikia bonde likivuta pumzi na kuisahau kuitoa.
Kisha mikono yake ikazeeka mbele ya macho yake,
akapiga ukelele, tukamshika watatu.
Alipotulia alililia nyasi.
"Mwezi wa tisa zinakufa zote," akasema. "Na zinajua."

Simu ikatetemeka mfukoni. Kaka yangu, kutoka Alkhodhi:
*Mama kaamka tena.*

Mama hajala uyoga. Kala miaka themanini na moja.
Sebuleni, chini ya kiyoyozi, anaona bomba la Kikwajuni;
foleni imefika kwa kina Mwanajuma,
na sisi tumelala na ndoo tupu, hatuna haya.
Mimi huniita Salha, dada yake, aliyefariki kabla sijazaliwa.
Miezi yote hii nimekuwa namsahihisha:
Mama, hapa Omani. Mama, mimi Zuwena.
Naye hunitazama vile Bakhit alivyoutazama ukuta.

Alfajiri mboni zikarudi udogo wake.
Akaomba maji, akaona haya, akauliza kwa sauti ndogo:
"La nyasi, ni kweli?"
"Ni kweli. Mwezi wa tisa."
Nikaandika kwenye faili: *ametulia*.
Sikuandika: *alisema kweli moja*.
Dirishani ukungu ulikuwa umelamba maegesho yote ya magari,
na mahali fulani juu, palepale alipochuma,
vingine vilikuwa vinainua vichwa, vinaendelea na kazi.

Nikatoka kwenye korido nikapiga simu.
"Salha," akasema, "maji yametoka?"
Nikaegemea ukuta. Ulikuwa baridi, na haukusema kitu.
"Yametoka, dada. Kinga ndoo."